Chuma cha mbinguni, jiwe tumboni

Mpenzi msomaji, umewahi kukalishwa kwenye kigoda saa moja asubuhi, mbele yako sahani ya matobolwa na kikombe cha chai ya maziwa, huku watu saba wanakukodolea macho uamue kama ng'ombe auzwe au asiuzwe? Mwenzio yamenikuta. Yalinikuta Kalemela, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, na chanzo cha yote kilikuwa jiwe moja jeusi lililolazwa juu ya gunia, limefunikwa khanga utadhani mtoto mchanga.

Ngoja kwanza nikupeleke. Ukitoka Mwanza unapanda basi la barabara ya Musoma. Unapita Magu, mkono wa kushoto Ziwa Victoria linajitokeza na kujificha kama mtu mwenye deni, mkono wa kulia pamba, mpunga na ng'ombe wasio na haraka. Unashuka Nyashimo, unamalizia na bodaboda. Wazee wa huko usiwaulize sana habari za mkoa, maana mpaka mwaka 2012 Busega ilikuwa sehemu ya Magu, mkoa wa Mwanza. Walilala Mwanza wakaamka Simiyu, na nyumba hazijahama hata hatua moja.

Mtu wa mjini ukifika kule, haraka zako unaziacha barabarani. Salamu peke yake ni kazi ya nusu saa. "Mwangaluka!" Unaitika, unaulizwa ya nyumbani, ya watoto, ya mvua, ya kazi. Mimi nilikwenda kumsalimia mjomba, nile sato, nipunge upepo wa ziwa, nirudi. Kumbe nilikuwa nasubiriwa kama mganga.

MALI AU CHANGA LA MACHO?

"Kaka, wewe si mtu wa magazeti?" binamu yangu, mtoto wa mjomba, alianza. "Basi tazama mali."

Akafunua khanga. Jiwe lenyewe lilikuwa na ukubwa wa mpira wa miguu, jeusi, limeyeyuka-yeyuka juu kama nta. Mahali pamoja lilipokuwa limemeguka paling'aa kidogo, na ndani yake palionekana vipande vyeupe kama punje za mchele. Binamu akatoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Akaisogeza. Tak! Ikanasa.

"Kimondo hicho," akasema. "Chuma cha mbinguni."

Hadithi ikawa hivi. Alipita mtu na pikipiki, mwongeaji, kava safi, akasema jiwe hilo lilianguka usiku porini na kuna Mzungu anayelipa kwa gramu. Yeye ana shida ya haraka, ndiyo maana anauza kwa bei ya kutupa. Binamu akauza ng'ombe mmoja, dume la plau, akatoa kishika uchumba. Jiwe likabaki kwake, kwa sharti moja tu: lisivunjwe, likivunjwa thamani imekwisha. Salio lilitakiwa baada ya mwezi, na salio hilo lilikuwa ni yule dume wa pili aliyekuwa amefungwa pale nje, anatafuna mabua bila kujua kwamba kesi iliyokuwa inaendelea ndani ni yake.

"Na hivi vyeupe?" nikauliza.

"Hiyo ndiyo alama yenyewe!" akadakia. "Jamaa alisema hata kile kimondo cha Mbozi kina jiwe ndani yake, wataalamu wamelikuta. Chuma cha duniani hakina jiwe tumboni."

Mjomba alikuwa kimya muda wote, anachokonoa meno. Sasa akasema, taratibu kama kawaida yake: "Mimi najua kitu kimoja. Jiwe na chuma havilali kitanda kimoja."

Watu saba wakanigeukia. Nami nikafanya alichofanya kila mtu wa mjini tangu miji ianzishwe: nikajikohoza. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Ningesema ni uongo, na kumbe kweli chuma cha angani kina mawe, ningekuwa nimemnyima binamu utajiri. Ningesema ni kweli, na kumbe ameingizwa mjini, yule dume wa pili angekwenda mnadani kwa kinywa changu.

Tena mkoa wenyewe si mgeni kwa mambo haya. Mwaka 1930 jiwe kutoka angani lilianguka Malampaka, kule Maswa kwenye reli ya Mwanza. Kwa hiyo usimcheke mtu wa Simiyu akikwambia mawe huanguka. Yameanguka kweli.

"Mjomba," nikasema, "wiki ijayo nina safari ya Tunduma. Mbozi ni njiani. Huyo ng'ombe asiguswe mpaka nirudishe jibu."

"Mwezi haujaisha," mjomba akajibu. "Nenda."

SAFARI YA KUSINI

Kutoka ziwani mpaka mpaka wa Zambia si kamchezo, bwana. Mgongo unakuwa kama umepigwa plau. Lakini Nyanda za Juu Kusini zinakufariji: baridi, ukungu, mandizi na makahawa. Ukitoka Mbeya kuelekea Tunduma, kabla hujafika Vwawa unaiacha lami na kushika njia ya vumbi mpaka kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Siku hizi huko ni mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Naam, na wao walilala huku wakaamka kule.

Halafu unakiona. Msomaji, nimeshaona picha za Kimondo cha Mbozi tangu shule ya msingi, lakini picha zinakidhulumu. Kina urefu wa mita 3 hivi na kimo cha mita 1, na uzito wake unakadiriwa tani 16. Yaani lori lenye shehena, limekandwa likawa kitu kimoja. Wenyeji walikifahamu siku nyingi. Wageni walianza kukiandika mwaka 1930, baada ya mpima ardhi William Nott kukikuta. Ndiyo, mwaka uleule lilipoanguka jiwe la Malampaka! Kilikuwa kimefukiwa nusu. Wakachimba udongo pembeni, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, wakaijengea zege. Shimo la kuangukia halipo, kwa hiyo wanaona kwamba ama kilibiringika, ama kimekaa pale miaka maelfu mpaka mvua ikalifuta. Tangu 1967 ni mali ya kumbukumbu ya taifa, na sasa kinatunzwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.

Nikakigusa. Baridi kama reli alfajiri. Nikakizunguka mara tatu natafuta jiwe tumboni mwake. Sikuona hata punje. Nikaona sehemu yenye pengo, ambako watu wa zamani walikata vipande kwa msumeno, na wanasema nyembe nyingi za msumeno zilivunjikia hapo. Asilimia 90 hivi ni chuma, na 8 hivi ni nikeli. Kitu hicho hakikatwi kama keki.

Ndipo likanijia jambo dogo nikasimama palepale. Binamu alilitoa jiwe lake chumbani akiwa amelikumbatia kwapani, kwa mkono mmoja, anaongea na simu.

Piga hesabu na wewe. Chuma cha angani kina uzito karibu mara 8 ya maji. Donge la chuma lenye ukubwa wa mpira wa miguu lingekaribia mfuko wa saruji. Mfuko wa saruji hauwekwi kwapani huku unaongea na simu, labda kama wewe ni mpiga miereka.

Lakini hilo lilijibu nusu tu ya swali. Nusu ya pili ilikuwa ya mjomba: hivi jiwe na chuma vinalala kitanda kimoja au havilali?

JIWE DOGO KULIKO NDOTO ZAKE

Hapa yule tapeli, namtolea kofia, alisema kweli. Kimondo cha Mbozi kina jiwe ndani. Mwaka 1996 mtafiti Edward Olsen na wenzake, akiwemo Robert Clayton wa Chuo Kikuu cha Chicago, walichapisha uchunguzi wao juu ya vijiwe vilivyokutwa ndani ya chuma hicho. Lakini usiwaze kokoto. Kijiwe walichokichunguza zaidi kilikuwa cha mviringo, chenye upana wa milimita 3.1. Kichwa cha njiti ya kiberiti hicho! Nje yake ni kama kioo kilichoanza kugeuka kuwa vichembe vya madini. Katikati yake ni silika, yaani kitu kilekile kinachofanya mchanga mweupe wa ufukweni. Walipokilinganisha na vimondo vingine, hakikufanana na aina yoyote iliyokuwa ikijulikana.

Sasa kiliingiaje? Turudi kwa mjomba. Alichosema ni elimu ya mhunzi. Watu wa maziwa makuu wameyeyusha chuma tangu zamani sana. Kule Katuruka, mkoa wa Kagera, mabaki ya tanuri yanarudi nyuma miaka 2,000 na ushei. Mhunzi akitia udongo wa chuma na makaa kwenye tanuri, moto ukikolea, chuma hushika njia yake na uchafu wa mawe ulioyeyuka hushika njia yake. Ule uchafu ndio mavi ya chuma. Vipande vinavyong'ang'ania ndani huvitoa kwa nyundo. Hawa wawili ni kama maji na mafuta: ukiwapa moto wa kutosha wanaachana.

Na huko juu ilikuwa hivyohivyo. Miaka bilioni 4.5 na kitu iliyopita, jua likiwa changa, palikuwa na vidunia vidogo vingi. Vingine havikupata moto wa kuyeyuka. Jiwe la Malampaka ni la jamii hiyo, jamii ya H: ni jiwe lenye vipunje vya chuma vilivyotawanyika kila mahali, maana hakuna kilichowatenganisha. Vidunia vingine vilipata moto vikayeyuka. Chuma kizito kikazama, mawe mepesi yakaelea juu. Vimondo vingi vya chuma ni vipande vya vidunia vya namna hiyo vilivyovunjika. Kwa lugha ya jikoni, Malampaka walipata unga, Mbozi wakapata ugali.

Kwa hiyo mjomba ana haki ya kushangaa. Kama walishaachana, jiwe limerudije ndani? Wataalamu wana majibu matatu, na kila kimondo kina lake. Kuna vimondo vilivyojaa vito vya rangi ya kijani-njano vimekaa ndani ya chuma kama zabibu kwenye keki. Hivyo wengi wanaviona ni mchanganyiko wa chuma cha ndani na mwamba uliokizunguka. Kuna vingine, kama vile vya Campo del Cielo huko Argentina, ambavyo vinadhaniwa kutokana na kishindo: vidunia vimegongana vikiwa nusu vimeyeyuka, mawe na chuma vikavurugika, halafu vikapoa kabla havijapata nafasi ya kuachana.

Cha Mbozi, Olsen na wenzake walikata shauri hivi: palikuwa na mwamba wenye silika, ukayeyuka, kisha ukapenyezwa ndani ya chuma kama dawa kwenye sindano. Na ilitokea mapema. Watajuaje? Ukikisugua chuma cha kimondo kikang'aa, ukakipaka asidi, yanatokea mistari inayokatana kama mkeka uliosukwa. Mistari hiyo haipatikani mpaka chuma kipoe polepole mno. Mkeka wa Mbozi umepinda kidogo tu, nao ulipinda pale kidunia kilipovunjika. Kwa hiyo jiwe liliingia kwanza, kupoa kukafuata, mkeka ukasukwa likiwa limeshalala ndani. Haikuwa ndoa ya hiari, mjomba. Lilisukumizwa, mlango ukafungwa.

Kijiwe hicho kina faida nyingine: kinataja ukoo. Mawe yana oksijeni, na oksijeni ina aina tatu zinazotofautiana uzito. Kila ukoo wa vidunia una kipimo chake cha kuzichanganya. Chuma kitupu hakina habari hiyo ya kutosha, lakini kijiwe kinayo. Walipopima cha Mbozi kikaangukia mstari mmoja na kimondo cha Bocaiuva cha Brazil na vimondo vya jamii ya Eagle Station ya Marekani. Hebu fikiria. Tani 16 za chuma zimekaa kimya pale Ndolezi, na aliyetaja ndugu zake ni kitu cha milimita 3. Na safari ya kuwajua wazee wao haijaisha: Oktoba 2023 Wamarekani walirusha chombo kwenda kwenye kidunia kinachoitwa Psyche, kinachodhaniwa kuwa na chuma kingi, na kinatarajiwa kufika mwaka 2029.

NYUNDO YA MJOMBA

Nilipiga simu nikiwa bado Ndolezi, nimekaa kwenye nyasi. Binamu akapokea kabla haijaita mara ya pili.

"Kaka, lete habari."

"Ng'ombe usiuze. Mpe mjomba simu."

Nikamweleza mzee. Kwamba jiwe ndani ya chuma cha mbinguni ni jambo la kweli, lakini hilo peke yake si ushahidi, maana hata mavi ya chuma hubaki na vipande vyeupe ambavyo moto haukuvimaliza, na sumaku inaweza kuyanasa vilevile. Kwamba tofauti yao iko kwenye uzito, na kwenye nyundo. Chuma cha kweli ukikipiga kinabonyea, hakivunjiki kama chupa. Na ndani yake hukuti matundu ya mapovu.

"Lakini jamaa alisema lisivunjwe!" nikamsikia binamu analalamika kwa nyuma. "Thamani itakwisha!"

"Thamani ya kitu kinachoogopa nyundo," mjomba akasema, "ni ipi hiyo?"

Nikasikia hatua, mlango, kuku wanakimbia. Kisha pigo moja. Halikulia kama chuma. Lililia kama sahani inayoangukia sakafu. Ikafuata kimya cha muda mrefu, vocha yangu inaliwa.

"Lina matundu," mjomba akasema hatimaye. "Kama andazi. Ni mavi ya chuma haya. Babu yako alikuwa anayatupa nyuma ya nyumba."

Namba ya yule mwuzaji walipoipiga, mwanamke wa mashine akawajibu kwamba haipatikani. Mpaka leo haipatikani.

Dume wa kwanza amekwenda, msomaji, na hadithi hii haitamrudisha. Msimu wa kulima ulipofika, yule aliyebaki alifungwa nira pamoja na dume wa jirani, siku mbili shamba la huku, siku mbili shamba la kule. Binamu hapendi tukilizungumza. Simcheki, na wewe usimcheke. Hakudanganywa kwa uongo mtupu, angekataa, si mjinga. Alidanganywa kwa ukweli uliokatwa nusu. Ile nusu aliyopewa ilikuwa "kimondo cha Mbozi kina jiwe ndani". Nusu iliyofichwa ilikuwa kwamba jiwe hilo ni kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na ilibidi wataalamu walitafute ndani ya chuma kinachovunja misumeno.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa kwenye daladala, ukiletewa "kimondo" kijiweni, kwanza kibebe. Kisha tafuta matundu. Kisha piga tupa kwenye kona uone kama kunang'aa chuma kitupu. Ukiona bado moyo unadunda, kipeleke Dodoma, kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, wapime kama kina nikeli. Ukiambiwa usikiguse, usikipime, usikivunje, basi jua kinachopimwa hapo ni wewe.

Nilipopita tena Kalemela nilikuta kipande kimoja cha lile jiwe kimewekwa mlangoni kuzuia mlango usipigwe na upepo wa ziwa. Mjomba alikionyesha kwa kidole cha mguu.

"Hiki hakikutoka mbinguni," akasema, "lakini tumekinunua kwa bei ya huko."

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.